Mwongozo kamili wa kudai EITC: fedha ya kodi wanayorudishiwa wafanyakazi wa kipato kidogo Marekani

Kila Februari nakaa kwenye meza ya kuwajazia watu fomu za kodi, na kila Februari makosa ni yaleyale. Mama amefanya kazi mwaka mzima kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, ana watoto watatu nyumbani, na fedha aliyostahili imezuiwa. Ukichunguza, kipato chake hakina shida yoyote. Kilichomponza ni kwamba fomu iliuliza "mtoto" na "ndoa", naye akajibu kwa maana tuliyolelewa nayo kwetu. Sheria ya kodi haiulizi ukoo. Inauliza nani alilala chini ya paa lako, usiku mngapi, na kadi yake inasemaje.

EITC, kwa jina lake refu Earned Income Tax Credit, ni fedha ambayo serikali kuu ya Marekani humpa mfanyakazi wa kipato kidogo kupitia ritani ya kodi, yaani fomu ya mapato unayoituma kila mwaka. Unalipwa hata kama kodi unayodaiwa ni sifuri. Ila haiji yenyewe: usipofaili ritani, hupati. IRS, yaani mamlaka ya kodi, inakadiria kuwa mtu 1 kati ya 5 wanaostahili haidai kabisa.

Viwango nilivyoandika hapa ni vya mwaka wa kodi 2025, unaofailiwa mwaka 2026. Viwango hubadilika kila mwaka, lakini hatua zenyewe ni zilezile.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Kadi halisi za Social Security: yako, ya mwenzi wako, na ya kila mtoto. Picha kwenye simu inaweza kukataliwa.
- Kitambulisho chenye picha, chako na cha mwenzi mnayefaili naye.
- W-2 zote. Hii ni karatasi ya mshahara ambayo kila mwajiri anapaswa kuituma ifikapo 31 Januari.
- Karatasi za 1099 kama unaendesha Uber, unapeleka chakula, au unafanya kazi bila kuajiriwa, pamoja na rekodi ya mapato na gharama zako.
- Namba ya akaunti ya benki na namba ya benki yenye tarakimu 9. Hundi au karatasi kutoka benki inatosha.
- Nakala ya ritani ya mwaka uliopita, kama ipo.
- Karatasi ya shule au ya kliniki yenye jina la mtoto, anwani yako na tarehe.

Hiyo ya mwisho watu huidharau. Utaona umuhimu wake mwishoni.

Fungua bahasha zote. Nimeshamwona mama akinipa mfuko wa nailoni uliojaa barua ambazo hazijafunguliwa, na W-2 mbili zikiwa humo tangu Januari. Alidhani ni matangazo.

Hatua ya 1: Soma maandishi yaliyo kwenye kadi

Wewe, mwenzi mnayefaili pamoja, na kila mtoto unayemdai, wote mnahitaji namba ya Social Security inayoruhusu kazi. Namba ya ITIN, ambayo IRS huwapa wasioweza kupata namba ya Social Security, haifai kwa EITC, hata ukiwa umelipa kodi kwa ITIN miaka kumi.

Kadi isiyo na maandishi ya ziada inafaa. Wakimbizi na waliopewa hifadhi kwa kawaida huwa na kadi ya aina hii. Kadi iliyoandikwa VALID FOR WORK ONLY WITH DHS AUTHORIZATION nayo inafaa, mradi kibali chako cha kazi kiko hai. Iliyoandikwa NOT VALID FOR EMPLOYMENT haifai. Kama uliipata zamani na sasa una green card au uraia, nenda ofisi ya Social Security wakupe kadi mpya isiyo na maandishi hayo. Kama kesi yako ya hifadhi bado haijaamuliwa, muulize mjazaji kanuni za mwaka unaofaili, maana sheria za wahamiaji hubadilika.

Andika majina kama yalivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Wengi wetu kadi zimegeuza majina: la baba limekuwa la kwanza, au jina la kwanza limeandikwa FNU, maana yake halikujulikana. Usirekebishe kwenye ritani. Kompyuta ya IRS inalinganisha na rekodi za Social Security, na herufi moja ikipishana ritani inaweza kurudi. Tarehe ya kuzaliwa ni vivyo hivyo. Kama makaratasi ya kambi yalikuandika 1 Januari, basi ni 1 Januari mpaka utakapoibadilisha rasmi.

Namba ya mtoto lazima iwe imetolewa kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. Kama mtoto amezaliwa Desemba na kadi haijafika ifikapo 15 Aprili, omba nyongeza ya muda kwa Fomu 4868, utapata hadi 15 Oktoba. Usifaili kwanza ukitegemea kumwongeza baadaye. Namba ikitoka baada ya siku ya mwisho, EITC ya mtoto huyo kwa mwaka huo imepotea.

Umefanikiwa hapa kama umepanga kadi zote mezani, na kila jina kwenye karatasi ya kujaza linafanana na kadi yake.

Hatua ya 2: Pima kipato chako

EITC ni ya fedha uliyoitolea jasho: mshahara au faida ya kazi uliyojiajiri. SNAP (msaada wa chakula), fedha ya kukosa kazi, matunzo ya mtoto na pensheni si kipato cha kazi. Aliyeishi mwaka mzima kwa misaada bila kazi hana EITC ya kudai.

Kwa mwaka 2025, kipato kisizidi hapa:

- Bila mtoto: dola 19,104. Wanandoa wanaofaili pamoja: 26,214. Malipo ya juu kabisa ni dola 649.
- Mtoto 1: dola 50,434. Wanandoa: 57,554. Malipo ya juu: 4,328.
- Watoto 2: dola 57,310. Wanandoa: 64,430. Malipo ya juu: 7,152.
- Watoto 3 au zaidi: dola 61,555. Wanandoa: 68,675. Malipo ya juu: 8,046.

Mapato ya uwekezaji, kama riba na gawio, yasizidi dola 11,950.

Malipo ya juu hayaendi kwa kila mtu. Yanapanda kadiri kipato kinavyopanda, yanafika kileleni, halafu yanashuka polepole. Mama asiye na mume, mwenye watoto 2 na mshahara wa dola 32,000, atapata karibu dola 5,330. Jirani yake mwenye watoto idadi ileile na dola 20,000 atapata zote 7,152. Kwa hiyo usilinganishe malipo yako na ya mwenzako kanisani ukadhani umeibiwa.

Weka W-2 zote, hata ya wiki mbili ulizofanya kupitia wakala wa vibarua. IRS tayari ina nakala, na ukiacha moja ritani inaweza kusimamishwa. Mwajiri asipokutumia hadi mwisho wa Februari, piga IRS 800-829-1040. Ikishindikana kabisa, Fomu 4852 hujazwa kwa kutumia hati yako ya mwisho ya mshahara.

Waliojiajiri: andika mapato yote, hata ya taslimu, na toa gharama za kweli. Faida ikifika dola 400, kuna kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Na mtu akikuambia "tuandike unasuka nywele ili fedha ipande" wakati husuki, ondoka. Huo ni udanganyifu, na sahihi itakuwa yako.

Asiye na mtoto anayehesabika anatakiwa awe na miaka 25 hadi 64 mwisho wa mwaka, awe ameishi Marekani zaidi ya nusu mwaka, na asiwe tegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine. Kwa wanaofaili pamoja, inatosha mmoja wao kutimiza umri. Hapa tarehe zetu za 1 Januari zinafaa kitu: aliyezaliwa 1 Januari 2001 anahesabiwa ametimiza miaka 25 kwa mwaka 2025, na aliyezaliwa 1 Januari 1961 bado yumo.

Hatua ya 3: Hesabu watoto kwa hesabu ya sheria

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo soma pole pole.

Mtoto anahesabika akipita vipimo vitatu pamoja: uhusiano, umri na makazi. Kuwa unamlisha na kumvisha si kipimo cha EITC. Nimeona watu wakileta risiti za chakula na nguo za mwaka mzima, na hazikusaidia.

Uhusiano. Wanaohesabika ni mwanao wa kuzaa, wa kambo, uliyemuasili kisheria, au uliyekabidhiwa na shirika la malezi au mahakama. Pia ndugu yako wa tumbo moja, wa baba au mama mmoja, au wa kambo, na watoto wa hao wote. Kwa hiyo mjukuu anahesabika, na mtoto wa dada yako au kaka yako anahesabika.

Sasa neno "ndugu". Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu, na mtoto wake ni mwanangu, hakuna anayeuliza zaidi. Kwa IRS huyo kaka ni binamu, na binamu hayumo kwenye orodha. Mtoto wake hayumo. Mtoto wa rafiki uliyetoka naye kambi ya Nyarugusu, aliyekuita mama tangu akiwa na miaka mitatu, hayumo kama hakuna karatasi ya kuasili au ya kukabidhiwa. Inauma, naelewa, na nimeshakaa na akina mama waliolia mezani kwa neno hilo. Lakini ukimwandika "son" au "nephew" na ikagundulika siyo, unaweza kufungiwa hata kwa watoto wako wa kuzaa. Mjazaji akikuuliza, usijibu "ni ndugu yangu". Sema: mama yake na mama yangu ni mtu na dada yake. Ataelewa mara moja.

Umri. Mwisho wa mwaka awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama alisoma muda wote kwa miezi isiyopungua 5, na awe mdogo kuliko wewe au mwenzi mnayefaili pamoja. Mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi hana kikomo cha umri.

Makazi. Awe ameishi na wewe, ndani ya Marekani, zaidi ya nusu mwaka. Mtoto aliyeko Kakuma, Bujumbura au Uvira hahesabiki hata kama unamtumia fedha kila mwezi. Aliyefika Septemba kujiunga nawe hahesabiki mwaka huo, atahesabika mwaka ujao. Mtoto aliyezaliwa ndani ya mwaka anahesabiwa ameishi nawe mwaka mzima, mradi kwako ndiko alikokuwa akiishi tangu azaliwe.

Mtoto mmoja hudaiwa na mtu mmoja tu. Bibi, mama na mjomba wakiishi nyumba moja, kaeni muelewane kabla yeyote hajafaili. Mkigombana, mzazi hupewa kwanza. Kati ya wazazi wawili wasiofaili pamoja, hupewa aliyeishi na mtoto siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, mwenye kipato kikubwa. Asiye mzazi anaweza kumdai pale tu kipato chake kinapomzidi mzazi ambaye angeweza kumdai.

Ukikuta mtu ameshamtumia mwanao, usikate tamaa. Omba IRS ikupe IP PIN, namba ya siri ya tarakimu 6. Ukiwa nayo ritani yako inapokelewa kwa kompyuta hata kama jina la mtoto limeshatumika kwingine, kisha IRS itachunguza.

Hatua ya 4: Jibu swali la ndoa kwa ukweli

Ndoa ni ndoa, hata kama mume yuko Nairobi na wewe uko Ohio. Kuweka alama kwenye "Single" kwa sababu "hapa naishi peke yangu" ni kosa ninaloliona kila msimu.

Mnaoishi pamoja mnapaswa kufaili pamoja ili mpate EITC, na wote wawili wawe na kadi inayofaa.

Kama mwenzi yuko mbali, kuna njia. Ikiwa mtoto anayehesabika aliishi nawe zaidi ya nusu mwaka, na mwenzi hakuishi nawe miezi 6 ya mwisho ya mwaka, unaweza kudai EITC ukifaili peke yako. Ukiwa pia umelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, mara nyingi utaingia kwenye kisanduku cha mkuu wa kaya, Head of household. Mwambie mjazaji tarehe mliyoachana kimakazi. Lakini aliyeoa, hana mtoto hapa, na mke yuko kambini bila namba ya Social Security, hawezi kudai EITC. Ni bora ulijue mapema kuliko kudanganywa na mtu anayetaka ada.

Kama ulifika Marekani katikati ya mwaka 2025, kwa kawaida mwaka huo wa kwanza hustahili, kwa sababu kwa sehemu ya mwaka hukuhesabiwa mkazi kikodi. Wanandoa wana njia ya kuchagua kuhesabiwa wakazi mwaka mzima, lakini hiyo ifanywe na mtu anayeijua.

Hatua ya 5: Chagua mtu wa kukujazia

Ushauri wangu ni VITA, mpango wa IRS wa wajazaji wa kujitolea waliofanya mtihani. Ni bure. Piga 800-906-9887 wakuambie kituo kilicho karibu. Vingi viko maktaba, makanisani na vyuoni. Piga Januari, kwa maana nafasi hujaa upesi, na uliza kuhusu mkalimani siku hiyohiyo. Mkifaili pamoja, nendeni wote wawili, kwani wote mnasaini.

Usimtumie mtoto wa miaka 12 kama mkalimani kwenye maswali ya ndoa na fedha. Unambebesha mzigo mzito, na makosa mengi huanzia hapo.

Ukiamua kulipa mtu, kagua haya:

- Ana namba ya PTIN, ambayo IRS humpa mjazaji wa kulipwa, na anasaini ritani. Anayekwambia "saini wewe tu, mimi simo" anajificha.
- Ada yake si asilimia ya fedha utakayopata.
- Fedha inaingia kwenye akaunti yako, si yake.
- Hakupi "fedha leo leo" bila kukueleza kwamba huo ni mkopo wenye gharama.

Mwaka wangu wa pili hapa nilijaziwa fomu na mtu wa mtaani sebuleni kwake. Sikupewa nakala hata moja. Barua ya IRS ilipokuja miezi saba baadaye, simu yake haikupatikana, na mimi sikujua hata nilichosaini. Ndiyo sababu hatua inayofuata naisimamia kwa nguvu.

Hatua ya 6: Isome kabla ya kusaini

Hata kama Kiingereza ni kigumu, namba na majina unaweza kuyasoma. Kwenye Fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, angalia:

- Majina na namba za kadi, juu kabisa.
- Kisanduku cha ndoa ulichokubaliana na mjazaji.
- Mstari wa 27. Hapo ndipo EITC inapoandikwa. Mstari ukiwa mtupu, uliza kwa nini.
- Mstari wa 35: jumla utakayopokea, namba ya benki na namba ya akaunti. Isome tarakimu moja moja ukiangalia karatasi yako ya benki.

Kama una watoto, lazima iwepo karatasi ya Schedule EIC, yenye jina la kila mtoto, uhusiano na miezi aliyoishi nawe. Kama imeandikwa biashara usiyoijua, usisaini.

Angalia pia ritani ya jimbo. Majimbo mengi yana EITC yao juu ya ile ya serikali kuu. Iowa, kwa mfano, huongeza asilimia 15 yake.

Umefanikiwa ukiondoka na nakala kamili mkononi na ujumbe kwamba IRS imeipokea ritani, neno lake ni "accepted". "Kutumwa" peke yake hakutoshi, kwani ritani inaweza kutumwa ikarudishwa.

Hatua ya 7: Subiri ukijua unachosubiri

Kwa sheria, IRS haiwezi kulipa ritani yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, na inashikilia fedha yote, si ile ya EITC tu. Aliyefaili mwishoni mwa Januari asitarajie chochote kabla ya hapo. Wengi wanaolipwa benki huiona mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi.

Saa 24 baada ya ritani kupokelewa unaweza kuangalia kwenye irs.gov, ukurasa wa Where's My Refund. Weka namba yako ya Social Security, hali ya ndoa uliyoiandika, na kiasi kamili unachosubiri. Hubadilika mara moja kwa siku, kwa hiyo kuangalia kila saa hakusaidii.

IRS ilianza kuondoa hundi za karatasi baada ya 30 Septemba 2025. Kama huna akaunti, fungua kabla ya kufaili.

Wengine huogopa kwamba EITC itawaondoa kwenye SNAP au Medicaid, bima ya afya ya serikali. Haihesabiwi kuwa kipato kwenye misaada hiyo, na hata ukiiweka benki haihesabiwi kuwa mali kwa miezi 12.

Barua ikija

Barua yenye alama CP75 pembeni inamaanisha IRS inataka ushahidi kabla ya kulipa. Haimaanishi umeshtakiwa. Una siku 30 kujibu.

Familia za Burundi na Rwanda hupata barua hizi na kushangaa. Kwao kila mtoto ana jina lake, hakuna jina la ukoo linalowaunganisha wote, na anayesoma karatasi hapa anaona watu watano wasio na jina la pamoja. Jibu kwa cheti cha kuzaliwa au hati za ukimbizi zinazoonyesha mzazi na mtoto. Kwa makazi, tuma barua ya shule, ya kliniki au ya mwenye nyumba, kwenye karatasi yenye nembo au kichwa chao, ikitaja jina la mtoto, anwani yako, na tarehe zinazofunika zaidi ya nusu ya mwaka unaohojiwa. Ukitaka ushahidi wa mwaka 2025, barua ya shule ya 2026 haifai. Tuma nakala na ubaki na hati halisi.

Ukinyamaza, EITC inafutwa, na mwaka unaofuata utalazimika kuambatisha Fomu 8862. Ikionekana ulipuuza kanuni, unafungiwa miaka 2. Ikiwa ni udanganyifu, miaka 10.

Kama shauri limekuwa zito, tafuta Low Income Taxpayer Clinic. Ni vituo vya kisheria vinavyowatetea wenye kipato kidogo mbele ya IRS, bure au kwa ada ndogo, na mara nyingi hupata mkalimani.

Kama hukudai miaka ya nyuma

Una miaka 3 tangu siku ya mwisho ya kufaili mwaka husika. EITC ya mwaka 2023 unaweza kuidai hadi 15 Aprili 2027, mradi namba zenu za Social Security zilikuwa zimeshatolewa wakati ule. Nenda VITA na W-2 za mwaka huo. Kama zimepotea, omba rekodi ya mshahara kutoka IRS, hailipiwi.

Na leo, kabla hujafunga ukurasa huu, chukua simu upige ofisi ya shule ya watoto wako. Omba barua ya mahudhurio yenye anwani ya nyumbani, kisha iweke pamoja na kadi.